Kurasa 88 hadi 109

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa tano asubuhi, Perez Achieng' aliingia kwenye maktaba ya chuo akasimama mbele ya dawati la Idah Nekoye. Kiti kilikuwepo lakini hakukiangalia. Perez alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Githurai 45, na kwa miaka mitatu alikuwa akijisomea shahada ya uzamili katika historia hapo Thika. Siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa amempa ruhusa ya saa tatu tu.

"Madam, nataka hii makala ya Thande," alisema. "Yote. Sio muhtasari."

"Thande yupi?"

"Wa wanawake wa mashamba ya kahawa Ruiru. Mliituma kwa Orodha ya Jumatatu mwaka jana, mwezi wa nane. Nimewaandikia mara mbili. Sasa mtahini wa nje anasema hajawahi kuiona, nimletee nakala. Natetea tasnifu Alhamisi ya wiki ijayo."

Idah alitabasamu, kama mtu anayejua ufunguo uko mfuko gani. "Nipe hadi kesho," alisema.

Alikuwa na haki ya kujiamini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkutubi wa sayansi za jamii na fasihi, historia, dini na mambo kama hayo, na wahadhiri walikuwa wakimtumia ujumbe hata akiwa kanisani. Orodha ya Jumatatu ilikuwa mtoto wake, yeye pamoja na Gerishon Wanyoike, mkutubi wa chuo kimoja mjini Ruiru. Walikutana kwenye warsha miaka sita nyuma, wakakaa nyuma kabisa wakinong'ona kama wanafunzi watundu. Wote wawili walikuwa wamechoka na wanafunzi wanaotafuta mahali pamoja tu kwenye mtandao, wakikosa, wanasema hakuna aliyewahi kuandika chochote kuhusu kwao. Basi wakaanza kutuma barua pepe kila Jumatatu asubuhi, ndani yake vitu vitano: jarida la bure ambalo watu hawalijui, ramani za zamani zilizopigwa picha, tasnifu iliyolala kwenye rafu ya chuo cha mbali, takwimu za sensa, kanda za mahojiano. Kila kimoja na maelezo ya mistari minne. Gerishon alitafuta vitatu, Idah viwili, na Idah ndiye aliyepanga na kutuma. Walianza na wasomaji kumi na wanane. Sasa walikuwa mia sita na zaidi, wakutubi na wahadhiri wa vyuo vingi nchini, na baadhi yao waliipitisha Orodha kwa wanafunzi wao kama ilivyo.

Walikuwa na sheria moja, na Gerishon ndiye aliyeitunga: usichokifungua, usikitume.

Perez alipoondoka, Idah akavuta kompyuta. Aliandika jina la makala kwenye hifadhidata ya kwanza. Hakuna. Ya pili, hakuna. Akaandika jina la mwandishi peke yake, akapata Thande daktari wa meno na Thande mwuza mashamba. Hilo halikumtisha, kwa kuwa majarida mengi ya hapa hayajaingizwa popote. Akalitafuta jarida lenyewe, akalipata. Akatafuta juzuu la kumi na nne, toleo la pili, akalipata pia, limepigwa picha vizuri ukurasa kwa ukurasa. Orodha ilisema kurasa 88 hadi 109.

Ukurasa wa 88 ulikuwa katikati ya makala kuhusu wafinyanzi wa vyungu. Ukurasa wa 109 haukuwepo. Jarida liliishia 104.

Idah alinyanyuka akaenda kunywa maji, na hakuwa na kiu. Aliporudi alifungua tena ukurasa wa 88, kana kwamba wafinyanzi wangekuwa wamehama. Kisha akafungua barua pepe zake, akaandika jina la Perez kwenye utafutaji. Barua mbili zikatokea, moja ya mwezi wa kumi na moja, nyingine ya mwezi wa pili. Chini ya kila moja jibu lake mwenyewe, neno kwa neno lile lile: "Asante. Tunaifuatilia." Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuifuatilia hata kwa dakika moja. Hakukumbuka, kwa sababu hakuwahi.

Alimwandikia mhariri wa jarida. Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Alipanga upya rafu ambayo haikuhitaji kupangwa, akamsahihisha msaidizi wake kosa ambalo msaidizi hakulifanya, akamwomba msamaha, akarudi kuangalia kama mhariri amejibu. Jibu lilifika Jumatano saa nane.

"Hatujawahi kuchapisha makala hayo," mhariri aliandika. "Mwandishi huyo hatumjui. Wewe ni mtu wa nne kutuuliza tangu mwaka uanze. Tungependa kujua mnaitoa wapi habari hiyo."

Watu wanne. Idah aliisoma barua hiyo akiwa amesimama.

Alhamisi alikwenda Ruiru. Hakumpigia Gerishon simu kwanza. Alitaka kumwona uso. Alimkuta kwenye ghorofa ya chini ya maktaba yake, anafunga magazeti ya mwezi kwa kamba. Zamani ukiingia humo ulilakiwa na watu wanne. Sasa kulikuwa na Gerishon tu, sweta limetoboka kiwiko, na kibao mlangoni kilichoandikwa kwa mkono: Nimeenda msalani, ningoje.

"Idah! Karibu, karibu. Ungeniambia ningeweka chai."

"Gerishon, Thande ni nani?"

Hakuuliza Thande gani, wala hakukunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka. Aliishusha kamba mezani polepole, na hapo Idah akajua yote kabla hajaambiwa.

"Kaa kwanza," Gerishon alisema.

"Siwezi kukaa. Niambie."

"Mwaka jana walipowaondoa Bridget na wenzake, nilibaki na mlango, na vitabu, na kompyuta, na wanafunzi elfu mbili. Jumapili jioni inafika, wewe unangoja vitu vyangu vitatu, na mimi sina hata kimoja. Nikauliza AI. Ikanipa kumi kwa mpigo, Idah. Vizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata."

"Ukavifungua?"

"Vya kwanza nilivifungua vyote. Vilikuwa sawa, naapa. Wiki ya pili sawa. Wiki ya tatu sawa. Mtu akikuambia ukweli mara kumi na tano, mara ya kumi na sita unamwangalia mdomoni?"

"Na hii ya Thande?"

"Haikufunguka. Nikafikiri ni mtandao." Alijifuta uso kwa kiganja. "Muhtasari ulikuwa mzuri sana. Wanawake mia mbili wanakaa barabarani siku tisa, wanaimba, wanakataa kuchuma kahawa. Mimi mamangu alichuma kahawa. Nilitaka iwe kweli."

Idah alikwenda hadi dirishani akarudi. Alikwenda tena. "Kuna msichana anatetea tasnifu wiki ijayo, na sura yake ya tatu imesimama juu ya hao wanawake mia mbili."

"Basi toa huo mstari kwenye kumbukumbu. Sema kiungo kimeharibika. Mwambie huyo msichana aweke kitu kingine. Nani atajua?"

"Watu wanne wameshamwandikia mhariri."

Gerishon aliichukua tena kamba. Kisha akasema, bila ukali, jambo ambalo Idah alirudi nalo Thika kama jiwe ndani ya kiatu: "Usiniangalie hivyo. Wewe ndiye hutuma. Jina lako liko juu ya langu. Wewe uliifungua?"

Ijumaa asubuhi Idah alipanda ghorofa ya tatu kwa Dkt. Gachau, Mkutubi Mkuu. Gachau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigana na bodi miaka miwili ili vyuo tisa viwe na tovuti moja ya kuchangia nyenzo za utafiti, na kiini cha tovuti hiyo, kitu pekee kilichokuwa tayari, kilikuwa kumbukumbu zote za Orodha ya Jumatatu. Uzinduzi ulikuwa Jumatano iliyofuata. Wageni walikuwa wamealikwa, hema limeagizwa, na Idah alipangiwa kuzungumza dakika ishirini.

Gachau alimsikiliza hadi mwisho huku akigeuza kalamu.

"Ni kitu kimoja kati ya elfu moja na mia tano," alisema. "Kiondoe. Huyo mwanafunzi mwandikie barua, nami nitaisaini. Tukishazindua tutaweka utaratibu wa kukagua."

"Na wale wengine walioipokea, Daktari? Mia sita."

"Idah, sikuambii udanganye. Nakuambia usipige kamsa siku ya harusi." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Ukiwaandikia watu mia sita kwamba Orodha ina uongo, hawatauliza uko wapi. Watasema Orodha ni uongo. Miaka sita yenu, miwili yangu. Fikiria hadi Jumatatu."

Alifikiria. Tatizo ni kwamba hakuweza kufikiria akiwa ameketi, na kila aliposimama alijikuta anakwenda mahali. Jumamosi asubuhi alijikuta Githurai 45.

Perez aliishi orofa ya tatu, juu ya duka la vipuri, na kelele za soko ziliingia dirishani na kukaa ndani kama mgeni. Mezani kulikuwa na tasnifu imepigwa chapa, vibandiko vya rangi vimechomoza pembeni. Alikuwa amevaa leso na alidhani Idah amemletea makala.

"Madam, umekuja mwenyewe! Ungetuma tu kwa simu."

"Perez, hakuna makala," Idah alisema akiwa bado mlangoni. Alijua akikaribishwa kwanza, akapewa chai, ulimi utakuwa mzito. "Haijawahi kuwepo. Mwandishi hayupo. Ilitungwa na kompyuta, na sisi tukaituma bila kuifungua."

Perez alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja apewe mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Alirudi nyuma akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hivyo hao wanawake hawakuweko?"

"Sijui kama walikuweko au la. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeandika habari zao hapo tulipokuambia."

"Nililia nikiandika hiyo sura." Perez aliinua tasnifu akaiweka tena chini. "Nilikaa hapa, nikalia. Madam, mimi niliwalilia watu wa kompyuta?"

Idah aliangalia vile vibandiko vya rangi.

"Niliandika mara mbili. Ulinijibu, tunaifuatilia. Uliifuatilia?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Huko chini mtu alikuwa anatangaza viazi kwa kipaza sauti, bei ile ile, bei ile ile. Perez aliinuka akafunga dirisha, na chumba kikawa kidogo zaidi.

"Nitazungumza na msimamizi wako," Idah alisema. "Nitamwambia ni kosa letu. Nitaandika barua, chochote unachotaka..."

"Nataka uniache kidogo, madam. Tafadhali. Si kwa ubaya."

Akashuka ngazi. Alitembea sokoni akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji, akaziacha kwa mwenye duka lingine alikosimama kununua kiberiti, na hakukumbuka nyanya hizo hadi alipofika nyumbani.

Nyumbani kulikuwa Makongeni, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi. Mumewe, Jeconia, alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda, kitengo cha ukaguzi. Alikuwa nje kwenye ngazi anasugua viatu vyake vya mpira kwa brashi. Idah alipita akaingia, akaanza kupanga sufuria. Akazipanga kwa ukubwa. Akazishusha, akazipanga upya kwa vifuniko.

"Mama Mitchell," Jeconia aliita bila kugeuka, "hizo sufuria zimekukosea nini?"

Ndipo akatoka, akaegemea mlango, akasimulia yote tangu Jumanne. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele. Jeconia alisugua kiatu kimoja hadi kikang'aa.

"Sasa mnabishana nini?" aliuliza mwishowe.

"Kwamba tukisema tutaharibu kila kitu."

"Sisi kundi la mikebe likitoka na kasoro, hatukai kuuliza nani ataaibika. Tunatoa namba. Mikebe ya tarehe fulani, laini fulani, irudishwe. Ukiandika 'kuna shida kidogo kwa baadhi ya bidhaa zetu', watu wanaogopa yote, wanamwaga hata mizuri. Ukiandika namba, wanarudisha hiyo namba." Alikigeuza kiatu akaangalia soli. "Na hatusemi mkebe umepotea. Tunasema ni mbaya, usile."

"Na mwenye kosa?"

"Huyo ataitwa ofisini baadaye. Kwanza watu wasile."

Idah aliingia ndani akatoa daftari la shule la mtoto wao Mitchell, akararua ukurasa wa katikati. Aliandika kwa kalamu, akikatakata, hadi jua lilipopungua ukutani. Ilipokuwa tayari ilikuwa mistari minane. Ilitaja tarehe ya barua, namba ya kitu, jina la makala. Ilisema: makala haya hayapo na hayajawahi kuwepo. Kama umeyataja kwenye kazi yako, yaondoe. Kama umeyapitisha kwa wanafunzi, waambie leo. Maelezo yake yalitungwa na programu ya akili mnemba. Mimi, Idah Nekoye, niliyatuma bila kuyafungua, na nilipoulizwa mara mbili nilijibu kwamba nafuatilia, na sikufuatilia.

Hakuandika jina la Gerishon. Jumatatu saa mbili alimpigia. Simu ikalia hadi ikakatika. Mara ya pili ilikuwa imezimwa. Akamtumia ujumbe: "Saa sita natuma. Nimeandika yangu tu. Yako ni yako." Alimtumia na Gachau nakala, ili asije akasema alivamiwa kutoka nyuma. Saa zile nne zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Saa sita kamili akabonyeza, kisha akaketi, mara ya kwanza siku hiyo.

Simu ya Gachau ilikuja kabla hata hajashusha mikono. Hakupaza sauti. Alisema Orodha haitakuwa kwenye uzinduzi, wala Idah hatazungumza, wala hana haja ya kuhudhuria. "Nilikuambia ufikirie," alisema.

"Nilifikiria, Daktari."

Barua nyingine zikaanza kuingia. Wapo walioshukuru. Yupo aliyeandika kwamba alijua siku zote wakutubi wa siku hizi ni wavivu. Mhadhiri mmoja wa Eldoret aliwapa darasa zima makala hayo kama kazi ya likizo, na alitaka kujua yale majibu arobaini aliyoyasahihisha yalitoka wapi, maana wanafunzi wote walidai wameyasoma makala. Idah alimjibu kila mmoja kwa jina.

Jumanne saa tatu asubuhi barua ya Gerishon ikafika, na haikuja kwake peke yake. Ilikwenda kwa watu wote mia sita.

"Kosa alilolikiri Idah jana lilianzia kwangu," aliandika. "Nimekesha nikifungua kila kitu nilichomtumia tangu mwezi wa saba mwaka jana. Thande si peke yake. Nyingine ni hizi." Na chini yake vitu tisa, tarehe na namba.

Idah alisoma vitu hivyo kimoja kimoja, kidole kwenye kioo. Vyote tisa vilikuwa vimepita mkononi mwake. Cha nne kilikuwa mkusanyo wa picha za shule za misheni za zamani, na alikumbuka vizuri alivyomjibu Gerishon siku ile: "Hii ni dhahabu, ndugu yangu!" Wikendi nzima alijiona mtu aliyeteleza mara moja. Kumbe alikuwa ameteleza mara kumi, na mara tisa alikuwa akitabasamu.

Mambo yalitulia kwa namna ambayo haikumpendeza mtu. Tovuti ilizinduliwa bila Orodha, hotuba zikawa fupi. Idah alihamishwa kutoka dawati lake akapelekwa ghorofa ya chini, sehemu ya kupokea vitabu vilivyorejeshwa. Gachau alisema ni kwa muda, na hakusema muda gani. Gerishon alipewa barua ya onyo. Utetezi wa Perez uliahirishwa hadi mwezi wa tisa. Idah alikwenda kwa msimamizi wa Perez akaeleza, na msimamizi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia mwanafunzi naye alikuwa na wajibu wa kutotaja kitu asichokisoma. Ilikuwa kweli. Haikumpunguzia Idah chochote.

Mwezi wa sita Gerishon alimpigia. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya magazeti.

"Tuko na vitu elfu moja mia tano," alisema. "Nimefungua vya mwaka mmoja. Bado mitano."

"Hiyo mitano ulifungua wakati huo."

"Una hakika? Mimi sina."

Wakawa wanakutana Jumamosi katika maktaba ya Ruiru, Idah anasoma, Gerishon anafungua. Haikuwa kama zamani. Walibishana juu ya vitu vidogo, kama kitu kilichohama anwani kihesabiwe kizima au kibovu. Siku moja Gerishon alisema, "Ungeningoja siku mbili tu kabla ya kutuma, ningesema mwenyewe," na Idah akasema, "Simu ulizima wewe," na wakamaliza asubuhi yote wakitajiana namba tu. Lakini Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili. Walipata vingine vitatu visivyokuwepo, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Idah, cha miaka minne nyuma, alichokinakili kwenye marejeleo ya mtu bila kukigusa. Siku hizo hata AI haikuwepo ya kusingiziwa. Gerishon alikiandika tu kwenye safu ya vibovu, akasogeza chai karibu na mkono wake.

Mwezi wa nane Perez alishuka kwenye dawati la vitabu vilivyorejeshwa. Idah hakuwa amemwona tangu Githurai. Alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa na flashi yenye kamba nyekundu.

"Sura ya tatu niliitoa yote," alisema. "Nikaenda Gitothua, huko Ruiru. Nilizunguka kanisa kwa kanisa nikiuliza nani alichuma kahawa akiwa msichana. Nimepata mashosho watano, bibi wazee kabisa. Mmoja alinifukuza. Hapa kuna saa sita za sauti, na wameweka vidole kwenye fomu ya idhini." Aliiweka flashi juu ya kaunta. "Nataka ikae maktabani, mtu mwingine akitafuta apate. Lakini uisikilize, madam. Usiandike kutoka kwa karatasi yangu. Isikilize."

"Nitaisikiliza."

"Yote."

"Yote, Perez."

Ilimchukua siku nne, kati ya vitabu. Mashosho wengine walijibu kwa ufupi, mmoja aliimba nusu ya wimbo wa kanisa akasahau. Siku ya tatu akafika kwa Rachael Wamboi, mwenye miaka themanini na mitatu, anayeishi na mjukuu kwenye nyumba ya kupanga iliyojengwa juu ya lile shamba lenyewe. Runinga ilikuwa inaongea nyuma yake na hakukubali izimwe. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa kusumbuliwa.

Perez alimuuliza kama aliwahi kusikia wanawake wamegoma siku tisa.

"Siku tisa?" Wamboi alisema. "Nani alikudanganya? Siku tisa tungekula nini?"

"Hata siku moja, shosho?"

Runinga ikatangaza sabuni.

"Asubuhi moja," Wamboi alisema. "Nyapara alikuwa amekataa tubebe watoto mgongoni, ati tunachuma polepole. Watoto waachwe kwa banda, na mwanamke mmoja tu wa kuwaangalia. Mmoja wao, wa Njeri, alitambaa akaingia kwa mfereji wa kuoshea kahawa. Alikuwa anaitwa Wangoi. Kesho yake tulikuja wote na watoto mgongoni. Tukakaa chini katikati ya mistari. Hatukugusa kahawa."

"Mliimba?"

"Kuimba? Mtoto amezikwa jana, uimbe?" Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Tulikaa tu. Hadi jua likafika hapa juu. Nyapara akapiga kelele, akachoka, akaenda. Tukainuka tukachuma. Hiyo mambo ya banda haikutajwa tena."

"Kuna mtu aliandika hayo, shosho?"

"Nani angeandika?"

Idah alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu, sikio karibu na kipaza sauti, maana pale kwenye jina la mtoto runinga ilikuwa imepayuka na vokali imezama. Alikuwa ameshaandika dakika, jina la msimulizi, mahali, mistari minne ya maelezo. Alisimama, akazunguka kaunta, akarudi, akampigia Perez.

"Uko darasani?"

"Ndiyo, lakini sema."

"Huyo mtoto wa Njeri. Ni Wangoi au Wangui? Sisikii vizuri."

Nyuma ya Perez watoto wa darasa la nne walikuwa wanapigiana kelele. "Mimi niliandika Wangoi," alisema, "lakini sasa ukiniuliza, sina hakika."

"Basi naacha nafasi wazi."

"Iache. Nitakuwa Gitothua Jumapili baada ya ibada, nitamuuliza." Akaongeza: "Ama twende wote. Yeye hapendi wageni, utajua mwenyewe."

"Saa ngapi?" Idah aliuliza, na tayari alikuwa anatafuta kalamu.